Wanajua tashbihi, wanajua sitiari, mbona insha zao zimelala?

Swali limetoka kwa mwalimu kijana wa Pangani anayefundisha Kiswahili kidato cha pili, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Wanafunzi wangu ukiwauliza tashbihi ni nini wanakujibu hapohapo, sitiari wanajua, tashihisi wanajua, mpaka ritifaa wanaitaja. Ila wakiandika insha sentensi zimelala, zote zinafanana, na nikiwaambia watumie tamathali za semi ndo inakuwa balaa zaidi, kila mstari una 'kama'. Nifanyeje sentensi zao zipate uhai? Na kwenye insha za maelezo ya kweli, zile za historia na mazingira, tamathali zinafaa au niwakataze?"

Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Swali lako nimelisoma jana usiku nikalisoma tena leo asubuhi nikiwa nangoja chai ichemke, manake hili jambo na mimi limenisumbua miaka mingi hapa Tanga kabla sijapata pa kulishikia. Jibu langu refu kidogo, nivumilie.

Nianze na ninachokiamini kabisa. Hao watoto tamathali wanazo tayari, ziko mdomoni. Darasani tumewapa majina yake, tashbihi ni nini toa mfano, sitiari ni nini toa mfano, wanakariri, wanajibu mtihani wanapata maksi zao, halafu siku ya insha wanadhani tamathali ni kitu kingine kabisa kinachokaa kwenye daftari la fasihi. Mtoto huyohuyo ukimsikia uwanjani wakati wa mapumziko anamwambia mwenzie "leo umelegea kama pweza aliyepigwa mwambani". Hakuna mwalimu aliyemfundisha hilo, ameona mwenyewe pweza anavyopigwa pigwa mpaka alainike ndo apikwe, na limemtoka tu. Kengele ikilia anaingia darasani anaandika "alichoka sana kama mtu aliyefanya kazi ngumu". Sasa niambie, nani kati ya hao wawili ndo mwandishi? Na ni mtoto mmoja! Kazi yetu ni kumrudishia mdomo wake kwenye karatasi, basi, mengine yote nitakayokwambia hapa chini yanatoka hapo.

Nikupe mfano niliokaa nao mwenyewe. Binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa Ngamiani, mkimya kweli, aliniandikia insha ya siku aliyokwenda na mama yake kununua samaki pale soko la Deep Sea. Ilianza hivi: "Siku moja nilikwenda na mama yangu kununua samaki. Kulikuwa na watu wengi sana. Samaki pia walikuwa wengi sana. Mama alinunua samaki. Nilifurahi sana." Kosa la sarufi hakuna hata moja, ngeli zimekaa, nukta zimekaa, na humo ndani hakuna soko wala samaki wala mama. Zamani ningemwandikia pembeni kwa kalamu nyekundu "tumia tamathali za semi", na yeye angenirudishia "watu walikuwa wengi kama siafu", mimi naweka vema, tumeachana salama na hajajifunza kitu. Siku ile nikamuita mezani. Nikamuuliza, umesema watu wengi, ulijuaje kama ni wengi? Kimya. Nikamuuliza tena, mwili wako ulijuaje? Akasema, mama alinishika mkono. Alikushikaje? Akanionesha, hapa kwenye kifundo, kwa nguvu mpaka bangili ikaniuma. Kwa nini akushike hivyo? Akafikiri kidogo akasema, kama vile nitaibiwa.

Nikamwambia andika hivohivo. Akaandika: "Mama alinishika kifundo cha mkono kana kwamba nitaibiwa, bangili ikaniuma." Sasa itazame hiyo sentensi. Neno "watu" halimo. "Wengi" halimo. "Sana" halimo. Na umati wote wa Deep Sea unauona, joto lao unalisikia, na zaidi ya hapo umemjua mama, umejua ni mama wa namna gani. Tashbihi imo humo na haikuletwa kuja kupamba, ilikuja kwa sababu yule binti alikuwa anajaribu kunieleza mkono ulishikwaje na njia nyingine ya kunieleza hakuwa nayo.

Tukaenda kwa mnadi. Yeye alikuwa ameandika "muuzaji alitaja bei kwa sauti kubwa". Nikamuuliza bei inatajwaje, nifanyie. Binti mkimya yule akasimama akaigiza mnadi mbele yangu, mkono juu, maneno yanagongana! Kisha akakaa akaandika: "Mnadi alifyatua bei, nane nane tisa, tisa tisa kumi, kumi kumi kumi, na nguru akapata mwenyewe mama hata pochi hajafungua." Pale kuna takriri, yaani kurudia neno kwa makusudi, na kuna sitiari iliyojificha ndani ya kitenzi, manake kinachofyatuliwa ni mtego au bunduki, bei haifyatuliwi. Sikumtajia jina la mbinu hata moja mpaka alipomaliza. Alipomaliza ndo nikamwambia, hii hapa inaitwa takriri na hii ni sitiari, akacheka kwa furaha kama mtu aliyeambiwa kuwa anazungumza lugha ya pili na hakuwa na habari.

Kwahiyo jambo la kwanza ninalokuomba ugeuze ni mpangilio. Sentensi kwanza, jina la mbinu baadaye. Najua utaniambia darasa lako limejaa, huwezi kumkalisha kila mtoto mezani nusu saa. Kweli kabisa. Fanya hivi, chukua sentensi moja tu ya mwanafunzi (muombe ruhusa kwanza, usimuaibishe mtoto), iandike ubaoni, halafu darasa zima wamuulize mwenye sentensi swali moja tu: ulijuaje? Baba alikasirika sana. Ulijuaje? Aliweka kijiko chini. Alikiwekaje? Taratibu. Haya, "Baba alikiweka kijiko chini taratibu, hakukigusa tena." Watoto wanalipenda hilo swali mpaka wanaanza kuulizana wenyewe njiani. Dakika 10 kila kipindi cha Kiswahili zinatosha, na baada ya mwezi utaona tofauti kwenye madaftari.

Halafu piga marufuku neno "sana" kwa wiki mbili. Simaanishi ni neno baya, na mimi hapa nalitumia nikiongea, ila kwenye insha za watoto limekuwa mto wa kulalia. Mtoto akifika mahali pa kueleza kitu anaweka sana, anapita. Niliwahi kuzihesabu kwenye insha moja ya ukurasa mmoja na nusu nikakuta "sana" 14. Ukiliondoa, mtoto analazimika kutafuta, na hapo ndo Kiswahili chenyewe kinampokea, manake lugha yetu ina hazina ya kutisha ya maneno madogo madogo ya kukazia ambayo watoto wanayajua wote na hawayaandiki kwa kudhani ni ya mtaani. Giza totoro. Nyeupe pe. Nyeusi tii. Nyekundu pyu. Kulala fofofo, kulowa chapachapa, kujaa pomoni, kutulia tuli, kunuka fe. Na zile za milio, akaanguka pu, akatumbukia chubwi. Ukisoma "Mtoto alitumbukia kwenye maji kwa kishindo" na "Mtoto akatumbukia, chubwi, mawimbi yakajifunika", ya pili umesikia kabisa. Tanakali sauti ni mali yetu ya ndani kabisa, mtoto asiione haya. Ila mwambie asizipange foleni, moja ikishatoa mlio iache mwangwi wake, ukiweka tatu kwenye aya moja insha inageuka ngoma.

Sasa huo ugonjwa wako wa "kama". Nakuelewa! Mrembo kama malaika, alikimbia kama duma, mweupe kama theluji, watu kama siafu. Hizi zilikuwa hai siku moja, aliyesema watu kama siafu mara ya kwanza alikuwa ameinama akawatazama siafu. Anayeiandika leo hajawatazama siafu wala watu. Mimi nawapa wanafunzi maswali mawili ya kujiuliza kila wanapotaka kuandika kama, mithili ya, kana kwamba, sawa na. La kwanza, hicho unachofananisha nacho umekiona wewe mwenyewe kwa macho yako? Mtoto wa Tanga theluji ameiona wapi? Lakini tui la kwanza analijua, amekamua nazi tangu ana miaka sita. Nyuzi za mkonge zilizoanikwa kwenye kamba shambani zinaning'inia juani amezipita kila siku akienda Muheza, basi nywele za bibi yake zikiwa kama nyuzi za mkonge zilizoanikwa mimi msomaji namuona bibi na naona na kijiji anachotoka. Mtoto wako wa Pangani ana mto, ana minazi, ana kivuko, ana ngalawa zimelala ubavu maji yakipwa. Hizo ndo zake.

Swali la pili ni gumu zaidi na hili wengi wetu walimu hatulifundishi: hisia zinalingana? Kijana mmoja aliandika habari za msiba, akaandika "mama mkubwa alilia kama honi ya basi". Ukweli ni kwamba mlio alioupata ni wenyewe kabisa, kuna kilio cha namna ile kinachoanza ghafla na hakikatiki, sikio lake lilikuwa zuri. Lakini honi ya basi imekuja na stendi yake, na wapiga debe wake, na vumbi lake, na wale waliosikia insha ikisomwa walicheka, na yeye alikuwa anaandika juu ya mama yake mkubwa aliyefiwa na mtoto. Aliumia, nilimuona. Nilikaa naye baadaye nikamwambia sikio lako ni zuri, tafuta kitu chenye mlio uleule kinachokaa kwenye huzuni. Alihangaika siku mbili akaja na "alilia kama kisima kinachovutwa ndoo tupu". Mimi mpaka leo ile kapi inanililia kichwani.

Sitiari ni tashbihi iliyovuliwa "kama", hivyo ndo tunavyowafundisha na si vibaya, ila kuna kitu kinatokea pale kama inapotoka ambacho ni vizuri wakijue. Ukisema fulani ni kama simba umeacha mlango wazi, anafanana, hafanani. Ukisema fulani ni simba umefunga mlango, msomaji inabidi aingie nawe. Kwahiyo sitiari inataka ujasiri na inataka msomaji akijue hicho kitu. Nina sentensi ya mwanafunzi wangu mmoja ambaye babu yake alifanya kazi mashamba ya mkonge maisha yake yote, na mwaka ule babu alikuwa amechangamka kweli, kanunua kanzu mpya, anatembelea ndugu mmoja mmoja. Mtoto akaandika: "Babu ni mkonge uliotoa mlingoti." Basi. Nukta. Mtu wa huku anaelewa na mwili unamsisimka, manake mkonge unakaa miaka mingi na majani yake tu unakatwa unakatwa, halafu unatoa ule mlingoti mrefu mara moja tu katika maisha yake, unachanua, kisha unakufa. Mtoto hakusema babu anakaribia kufa. Hakuweza kulisema. Sitiari ilimbebea. Nilimshauri kitu kimoja tu, kwamba kama insha itasomwa na mtu wa Mwanza ambaye hajawahi kuukaribia mkonge amsaidie kidogo, akaongeza "unachanua mara moja, ukijua ndo mwisho". Msaada wa maneno matano sita, na hakuharibu kitu.

Ila wakishaonja sitiari wataanza kuzichanganya, ujiandae. "Bahari ya matatizo ilimwangukia ikamchoma moyo." Bahari haianguki na haichomi. Waambie ukichagua bahari baki baharini mpaka sentensi iishe, mtu azame, apigwe na mawimbi, ashike ubao, chochote, ila asije kuungua.

Tashihisi, kule kukipa kitu matendo ya mtu, sitaikalia, kwa sababu wao wanaiweza na tatizo lake ni moja tu, upepo siku zote unaimba na jua siku zote linatabasamu. Wapeleke wakasikilize wavuvi. Mvuvi anakwambia bahari imechafuka, bahari imelala, leo maji mafu. Maji mafu! Ni yale maji ya siku ambazo kujaa na kupwa kunakuwa kudogo, kinyume cha bamvua, na sisi watu wa pwani tunalisema kila siku bila kushtuka kwamba tumeyaua maji. Mwambie mtoto akae na neno kama hilo, alifufue, maji yakifa nani anayazika? Kusi likianza kuvuma hapa kuanzia kama Aprili, mabati ya nyumba zetu yanafanya nini usiku? Yanabisha hodi? Yanagombana? Yanataka kwenda na upepo na misumari inayakatalia? Hiyo ya mwisho alinipa mtoto wa Sahare, nyumba yao iko karibu na ufukwe na bati lilishawahi kung'oka kweli.

Kuna kitu hujaniuliza ila nakiingiza kwa nguvu, mwendo wa sentensi. Unaweza ukawa na tashbihi nzuri na sitiari nzuri na insha bado ikalala kwa sababu sentensi zote zina urefu mmoja, kiima, kitenzi, shamirisho, nukta, kiima, kitenzi, shamirisho, nukta, unasoma mpaka unasinzia. Mimi hapa naanzia kwenye methali kwa sababu ziko masikioni tayari. Waandikie ubaoni "Haraka haraka haina baraka" kisha wahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Ha-ra-ka-ha-ra-ka, sita. Ha-i-na-ba-ra-ka, sita. Pande mbili sawasawa na zote zinaishia raka. Ndo maana haijasahaulika, mtu aliyeitunga alikuwa na mizani sikioni hata kama hakuwahi kushika kalamu. Kisha waambie waiseme kwa namna nyingine, "ukifanya jambo kwa haraka mara nyingi hutafanikiwa", maana ileile kabisa, na waulize ipi wataikumbuka kesho. Watoto waliokulia kwenye nyumba zinazopiga taarabu, na hapa Tanga hizo ni nyingi, wanalipata hili haraka kuliko hata sisi tuliosomea. Mashairi yetu ya kawaida mstari una mizani 16, nane na nane, na mtoto anayeimba na mama yake anafua anayo hiyo nane nane ndani ya mifupa.

Kutoka hapo wapeleke kwenye mjalizo, kile kitendo cha kupanga vitenzi bila kuviunga na "na". "Mama akaamka, akawasha moto, akabandika maji, akatuamsha." Inakwenda mbio kwa sababu asubuhi ya mama inakwenda mbio. Halafu ivunje: "Kisha akakaa." Sentensi ya maneno mawili baada ya ile ndefu, na hapo ndo msomaji anahisi uchovu wa mama, hakuna aliyesema amechoka. Takriri hivohivo. "Alilima. Alilima. Jua likamkuta analima." Kurudia huku kuna sababu, siku yenyewe ilijirudia. Mtoto anayerudia neno kwa sababu hakupata lingine utamjua mara moja, msomee kwa sauti na yeye mwenyewe atakunja uso. Kusoma kwa sauti ndo dawa yangu kubwa hapa, kila insha isomwe kwa sauti na mwenyewe kabla hajaileta, pale anapokosa pumzi aweke nukta, pale anapochoka kusikia sauti yake avunje.

Na maswali ya balagha, yale yasiyongoja jibu, naomba uwapunguzie. Kila insha inaanza "Je, wajua kwamba...?" Swali la balagha likae pale ambapo msomaji mwenyewe alikuwa anataka kuuliza. Binti wa Deep Sea mwishoni mwa insha yake, samaki ameshachukuliwa na mtu mwingine, mama amesimama na pochi yake, aliandika: "Nyumbani tutawaambia nini?" Swali dogo, na njaa ya nyumba nzima iko humo.

Sasa sehemu ya pili ya swali lako, insha za maelezo ya kweli. Zinafaa, zinafaa kabisa, kwa sharti kwamba tamathali isiguse ukweli. Chukua mkonge tena, manake uko wilayani kwenu hapohapo. Mwanafunzi ataandika: "Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Miche mingi ilikufa njiani. Ulipandwa Kikogwe, Pangani. Baadaye Tanganyika ilizalisha mkonge mwingi sana." Yote kweli, na imelala fofofo. Muulize, mingi kiasi gani? Ilianza safari miche 1,000 na iliyobaki hai ni 62. Mwambie akae na hiyo 62. Aitafutie kitu anachokijua, miche 62 si inaenea kwenye kipande kidogo tu cha bustani ya shule? Na mwaka 1964 uzalishaji wa nchi ulifika kama tani 230,000. Sasa aandike upya:

"Miche elfu moja iliondoka Florida. Iliyobaki hai ilikuwa 62. Sitini na miwili tu, ingeenea nyuma ya darasa letu na nafasi ya kuchezea rede ingebaki. Ilipandwa Kikogwe mwaka 1893, na kutoka kwenye bustani ile ndogo mkonge ukatembea, ukavuka mto, ukafuata reli, ukapanda mpaka miguuni mwa Usambara, na mwaka 1964 nchi ikavuna kama tani 230,000."

Tarakimu zimebaki zilezile, hajaongeza chumvi hata punje. Alichofanya ni kuirudia 62 ili tuisikie, kuifananisha na uwanja anaoujua, kuupa mkonge miguu (tashihisi hiyo), na kuziweka 62 na 230,000 kwenye aya moja zitazamane. Mubalagha, yaani kutia chuku, tu ndo namkataza huku. Chuku aipeleke kwenye insha ya kubuni au akihadithia mechi ya Mkwakwani, kule shuti likichana wavu mpaka nyavu za Pangani zikaomba msamaha hakuna atakayemlaumu, ila kwenye historia na mazingira akitia chuku mara moja msomaji hamwamini tena hata kwenye yale ya kweli.

Kuhusu kusahihisha, acha kuhesabu tamathali. Walimu wengi tunafanya hivyo, tashbihi ipo vema, sitiari ipo vema, na mtoto anajifunza kutupia zote ili apate maksi. Mimi siku hizi nikisahihisha napiga mstari chini ya sentensi moja tu iliyonifanya nione, naandika pembeni "hapa nimeona", na chini ya nyingine moja naandika "ulijuaje?". Alama mbili tu. Wanazitafuta hizo wakirudishiwa madaftari kuliko hata maksi, na nimewahi kumkuta kijana wa kiume mrefu kunizidi amesimama nje ya ofisi na daftari lake anataka kujua mbona wiki hii hakupata "hapa nimeona" hata moja. Nilifuta machozi baadaye.

Kwahiyo Ijumaa hii kama mkuu wako ataruhusu, wapeleke pale kivukoni wakati kivuko kinatoka kwenda Bweni. Wakae nusu saa, kalamu ziwe mifukoni, watazame tu na wasikilize, injini, wale wenye baiskeli wanavyoshuka, akina mama na vikapu, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari rangi inavyobadilika. Wakirudi darasani waandike sentensi tano, tano tu, bila "sana" na bila kitu chochote ambacho hawakukiona pale. Zitakazokushinda piga picha unitumie, nitazisoma zote na nitakujibu moja moja, na ukipata moja iliyokufanya usimame katikati ya kusahihisha, hiyo nitumie kwanza.